Pembe, Nta na Sukari ya Bi Zena

Wajukuu zangu mnaoumika watu kwa vikombe vya plastiki na bomba la kuvutia hewa, sina ugomvi na bomba lenu. Nililiona Katoro, nilipokwenda kumsalimia mwanangu Doto. Binti mmoja, kwenye chumba chenye pazia la kijani, alilibinya mara mbili tatu na ngozi ya mteja ikapanda yenyewe kama andazi kwenye mafuta. Nikasema moyoni, lau tungekuwa nalo sisi, huenda meno yangu ya mbele yangekuwapo mpaka leo. Lakini ukutani alikuwa amebandika karatasi ya magonjwa anayoyatibu, na la kwanza juu kabisa lilikuwa kisukari. Niliisoma ile karatasi mara mbili, nikaaga, nikarudi kwa Doto kuomba daftari na kalamu.

Mimi niliumika watu Kahama kwa miaka ishirini na ushee, kwa pembe za ng'ombe. Kila nilichokijua nilifundishwa na mtu mmoja, Bi Zena, na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi hii nilimfanyia yeye. Nitafika huko. Sina haraka, kwa sababu nikiandika habari zake ninakuwa naye kidogo, na hiyo ni starehe niliyobakiwa nayo.

Alikuwa mwenye nyumba wetu. Mume wangu aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tukatoka Kishapu na masanduku mawili, tukapanga chumba kwake. Bi Zena alikuwa mjane, mtu wa mjini hasa. Upande mmoja wazee wake waliifuata biashara kutoka pwani, upande wa pili ni wa huku huku bara. Alikuwa mnene, mwenye kicheko kinachoanza kabla hujamaliza kusema. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza. Nilitamka "sukali" na "balabala", naye alinituma dukani kwa makusudi ili asimame mlangoni anisikie nikiomba. Nilikasirika wiki mbili za kwanza. Baadaye nikagundua kwamba siku asiponicheka naiona siku imepungua kitu.

Kuumika nilianza kwa kushika beseni. Wanawake walikuja kwake na mabega yaliyochoka kwa jembe la pamba, vichwa vinavyogonga, viuno vya uzazi. Wanaume pia walikuja, na hao aliwaumika mlango ukiwa wazi na mimi nimekaa hapo hapo, mji usipate la kusema. Pembe zake zilikuwa tisa, za ndama, fupi, zimechemshwa na kukwanguliwa mpaka zinang'aa. Ncha imekatwa na kutobolewa tundu dogo. Unakanda ngozi kwa kitambaa cha maji ya moto, unabandika mdomo mpana wa pembe, halafu unaivuta hewa kwa kinywa chako kupitia lile tundu. Kipande cha nta ya nyuki unakuwa umekificha shavuni. Pembe ikishika, unaisukuma nta kwa ulimi ikazibe tundu kabla hujaachia midomo. Ukichelewa kidogo tu, pembe inadondoka na mteja anageuka kukutazama.

Mara ya kwanza niliimeza nta. Mara ya pili pia. Bi Zena alimwambia mteja, mama mmoja wa Mhunze aliyelala kifudifudi akisubiri, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mvumilie, mayu, leo huyu hajala." Yule mama alicheka mpaka pembe mbili zilizokuwa zimeshika zikaachia, ikabidi tuanze upya.

Niwape na yale ambayo bomba halitawafundisha. Usiumike juu ya uti wa mgongo, kaa kando yake vidole viwili. Usimwumike mwenye njaa. Pembe inaanza kavu, bila chale, unaiacha muda wa kukoroga uji, unaitoa, ndipo unachanja juu juu kama mkwaruzo wa paka na kuibandika tena. Mtu akianza kupiga miayo, toa pembe zote haraka, anataka kuzimia. Na wembe ni wa mtu mmoja tu. Sisi tuliuchoma motoni tukadhani tumemaliza, Mungu atusamehe, hatukujua.

Jambo jingine alilonifundisha halikuwa la mikono. Alikuja mchimbaji mmoja wa dhahabu, kutoka machimbo ya upande wa Geita, mgongo umekakamaa kama ubao. Tulipomaliza akataka tuongeze pembe mbili za kifuani, zimtoe nuksi, maana wenzake wanapata na yeye anachimba udongo mtupu. Bi Zena alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye kikapu.

"Nuksi haina damu, baba," alimwambia. "Mgongo nimeutengeneza. Hilo jingine utaondoka nalo kama ulivyokuja."

Yule bwana aliondoka amenuna. Mimi nilisema tungempa tu raha yake, pembe mbili zingetupunguzia nini? Bi Zena alinitazama bila kucheka, jambo la nadra. "Ukimwambia mtu umemtoa kitu ambacho hukumtoa, Minza, atakwenda kuishi kana kwamba hana." Nilikubali kwa kichwa. Niliyaelewa maneno yake baada ya miaka kadhaa, na niliyaelewa kwa machungu.

Sukari ilimwanza kwa kiu. Ilikuwa miaka ile ya foleni, mnayosimuliwa na wazazi wenu, watu wanaamkia duka la ushirika kuipata kilo ya sukari na wanarudi na sabuni, au na mikono mitupu. Bi Zena alikuwa anamaliza mtungi mzima wa maji kabla ya adhuhuri, anakwenda bafuni kila baada ya muda mfupi, na mwili unayeyuka. Nguo zake za Idi zilimning'inia. Bafu letu lilikuwa la mabati, uani, na maji yake yalitoka kwa mfereji mdogo mpaka kwenye kona ya ukuta. Hapo kwenye kona, sisimizi walijaa mpaka ardhi ikawa nyeusi. Zamani kila mtu alijua maana yake. Mkojo ukipendwa na sisimizi, una sukari.

Hospitali walimpima wakathibitisha, wakampa sindano ya kila asubuhi. Alirudi na kichupa cha dawa, bomba la sindano la kioo, la kuchemshwa kila siku, na orodha ya vyakula vya kupunguza ambamo wali wa Kahama ulikuwa wa kwanza. Jokofu hatukuwa nalo. Tulikiweka kichupa ndani ya kijungu cha udongo, kijungu ndani ya beseni la mchanga uliolowa, kwenye kona yenye kivuli.

"Watu wote wa nchi hii wanapanga foleni kuitafuta," alikuwa akisema, "mimi peke yangu napanga foleni ili niiondoe."

Lakini sindano aliichukia. Yeye aliyechanja migongo ya nusu ya mji ule alikuwa anafumba macho, anasoma dua, ananishika mkono, halafu ananiambia nimchome mimi. Nilimchoma pajani kila asubuhi, zaidi ya mwaka. Nilikuwa nimeshajifungua pacha wangu, Kulwa na Doto, nao walitambaa kuizunguka miguu yake wakati namchoma. Siku nyingine alilia machozi kabisa na kusingizia moshi wa jikoni.

Tuliendelea kumwumika pia. Hospitali hawakumkataza, kwa sababu hatukuwauliza. Nilimbandika pembe mabegani na kando ya uti, kila Alhamisi, na kusema kweli zilimsaidia. Alilala vizuri, ganzi ya mabega ilipungua, alitembea mwepesi mpaka sokoni. Hapo ndipo pembe zilipofaa na zilipaswa kuishia hapo. Lakini damu ya Alhamisi moja ilitoka nzito na nyeusi kuliko kawaida, mimi nikaitazama ndani ya pembe nikasema, "Hii ndiyo sukari yenyewe inatoka, mayu." Sijui neno hilo nilikuwa nimelitoa wapi. Nilimpenda na nilikuwa nimechoka kumwona akiogopa asubuhi. Hakunikatalia. Alisema tu, "Basi tuongeze siku." Tukaanza kuumika mara mbili kwa wiki.

Damu ya mtu haiachwi wazi. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Ukimaliza kuumika, unaimwaga kwenye kishimo uani na kuifunika kwa kopo la majivu ya jikoni, mbwa wasirambe, inzi wasije, na mwenye nia mbaya asiikute. Kishimo chetu kilikuwa kwenye kona ile ile, hatua moja kutoka mdomo wa mfereji wa bafu. Nilikuwa namwaga majivu mara mbili kwa wiki, mkono mkunjufu, kwa sababu damu ilikuwa ya Bi Zena na nilitaka ifunikwe vizuri.

Baada ya miezi mitatu hivi, nilikwenda kufagia kona nikaona hakuna sisimizi. Nilisimama hapo muda mrefu. Kesho yake nikaangalia tena, hakuna hata mmoja. Nikaangalia wiki nzima. Nilirudi ndani nikamkuta anachemsha bomba la kioo, nikamshika mkono.

"Mayu, njoo uone. Sisimizi wameondoka."

Alitoka. Alisimama kwenye kona akiwa ameshika ukuta, akatazama chini, akatazama tena.

"Kweli?" alisema.

"Imeisha, mayu. Sukari imeisha. Pembe zimeivuta yote."

Akaniambia nikaitoe ile sufuria ya bomba motoni. Siku ile alipika wali wa nazi na kuwaita majirani. Pacha walikula mpaka wakalala hapo hapo mkekani. Nakumbuka alivyoshika sahani kwa mikono miwili, na mpaka leo siku hiyo ninaitamani, ingawa najua ilikuwa siku ya namna gani.

Siku ya nne alianza kutapika. Ya tano alikuwa anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda kilima na hali amelala, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Asubuhi ya sita nilimwita, akafungua macho lakini hakuniona. Mume wangu na majirani wawili walimbeba na kitanda chake cha kamba mpaka hospitali, mimi nikikimbia kando huku nimeshika kijungu chenye kichupa, kana kwamba kukishika kungefidia zile siku.

Daktari alimshika mkono, akanusa pumzi yake, akawaambia wauguzi haraka haraka walete maji ya mshipa. Ndipo akanigeukia.

"Sindano ameacha lini?"

"Leo ni ya sita."

"Nani alimwambia aache?"

"Mimi."

Alinitazama kidogo. Nilisubiri anifokee, ningeshukuru. Akasema tu, "Kaa nje, mama. Tukikuhitaji tutakuita." Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka mchana wakanituma nyumbani kuleta shuka.

Kwenye jiko niliikuta chai ya jana yake, niliyokuwa nimeikoroga na sukari yetu yote nikitumaini itamrudishia nguvu. Naona aibu hata kuliandika hilo. Niliichukua sufuria nikaimwaga kwenye kona ya uani, kwa hasira, bila kuangalia, nyingine ikarukia mbali kwenye ardhi tupu. Nikaingia kukusanya shuka. Nilipotoka, pale chai iliporukia palikuwa pameshajaa sisimizi. Walikuwa wanatoka kwenye ufa wa ukuta, msafara mrefu, mpaka kwenye ukingo wa majivu. Hapo wanasimama, wanageuka, wanazunguka. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga majivu. Chini ya yale majivu kulikuwa na chai tamu kama asali.

Nilichuchumaa nikapitisha kidole. Majivu yalikuwa yameenea mpaka ndani ya mdomo wa mfereji, unene wa kucha. Niliyamwaga mimi, kopo baada ya kopo, kwa kuipenda damu yake. Sukari haikuondoka hata siku moja. Nilikuwa nimewafukuza walioniambia iko.

Alikaa siku tatu hajitambui. Mimi si mtu wa kuomba kwa sauti, lakini kwenye benchi lile niliomba kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, kwa majina ya dini yake na ya kwetu. Siku ya nne muuguzi alitoka akaniuliza, "Wewe ndiye Minza? Anakuita, anasema umechelewesha uji." Nililia mpaka yule muuguzi akaketi pembeni yangu.

Tuliporudi nyumbani nilizoa majivu yote kwa jembe, kishimo nikakihamishia nyuma ya jiko. Bi Zena aliniona nikizoa na hakuuliza. Sindano ikarudi, kila asubuhi, na hatukuiacha tena. Kuumika tuliendelea, lakini kavu, bila chale, maana mtu wa sukari kidonda chake hakina haraka ya kupona. Miguuni sikumgusa kabisa. Na kila mteja aliyekuja akasema ana sukari, tangu siku hiyo nilimwuliza kadi ya hospitali kwanza. Nilimwambia pembe zitampumzisha mabega, sukari ni ya sindano na vidonge, na akitaka kuacha dawa asije kwangu. Wengi waliondoka wamenuna, wakaenda kwa waliowaambia walichotaka.

Aliishi miaka mingine mingi. Macho yalipungua nuru, miguu ikawa mizito, lakini kicheko kilibaki. Yeye aliniumika mimi na mimi nilimwumika yeye, kwa kuwa hakuna muumikaji anayeufikia mgongo wake mwenyewe. Tangu alipofariki, mgongo wangu haujaguswa na pembe. Wanangu wamenipeleka kwa mabingwa wa kukanda, wamenipeleka kwenye hayo mabomba yenu. Nashukuru, wanajua kazi. Lakini mikono ya Bi Zena ilikuwa inaanza kwa kupigapiga bega mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya jamaa, na hakuna mwingine niliyemwona akifanya hivyo. Nina kiu ya mikono ile mpaka sasa, na sioni haya kuwaambia.

Kuhusu majivu sikumwambia kwa miaka. Nilimwacha aamini kwamba sukari iliondoka ikarudi, kama malaria. Kisha alasiri moja, kwenye mwaka wake wa mwisho, nilikuwa nimembandika pembe mabegani. Alikuwa amenipa mgongo, uso wake siuoni, na wangu hauoni. Nikaanza kuongea. Nilimweleza yote, kishimo, makopo, chai, sisimizi waliogeuka kwenye ukingo. Nilimwambia ilikuwa karibu nimuue, na kwamba sukari haikuisha hata kwa saa moja.

Alijiweka sawa, pembe zikagongana.

"Minza," alisema, "majivu nani alikufundisha?"

"Wewe, mayu."

"Basi. Siku uliyoniita pale kwenye kona niliyaona. Yalikuwa yameingia mpaka kwenye mfereji. Ningeweza kukwambia uyazoe kwanza, halafu tungoje siku mbili, tuangalie tena."

Niliibonyeza nta ya pembe moja, ingawa ilikuwa imeshika.

"Nilikuwa nimechoka na sindano, mwanangu. Nilitaka tu mtu ninayempenda aniambie imeisha. Na wewe ukaniambia."

Kisha akasema bega la kushoto bado linamuuma, niongeze pembe moja.